Mkia wa King'ora

Watu wa Mirrabee huchelewa, na hawaoni haya. Si uvivu. Meneja wa kwanza wa kiwanda cha sukari alikuwa na saa ya mfukoni iliyokwenda kwa kuchechemea, na kwa kuwa alikuwa meneja, hakuna aliyethubutu kumwambia. King'ora cha kiwanda kikawa kinalia kwa saa yake. Kanisa likafuata king'ora, shule ikafuata kanisa, na kuku wakafuata shule. Meneja akafa, saa yake ikazikwa naye au ikaibwa, kila mtu ana yake, lakini mji ulibaki nyuma ya jimbo zima la Queensland, huko Australia, kwa dakika kama kumi, ukaona raha huko huko nyuma. Hata kiwanda kilipofungwa, na bomba lake la moshi likaangushwa kwa baruti watu wakishangilia halafu wakilia, saa za ukutani hazikuguswa. Ukialikwa chakula Mirrabee, uliza kwanza: saa ya kiwanda au saa ya redio?

Kwa Merle Ambrim jambo hilo lilikuwa na uzito wake, maana mumewe, Cecil, ndiye aliyekuwa mvuta king'ora. Babu wa babu yake Cecil aliletwa kwa meli kutoka kisiwa cha Ambrim, katika Pasifiki, kuja kukata miwa, wala hakuulizwa kama ana nafasi. Jina la kisiwa likawa jina la ukoo, kwa sababu karani hakuwa na subira. Mjukuu wa mjukuu akaja kushika kamba iliyouamsha mji na kuulaza, na hilo Cecil aliliona kama kisasi kitamu.

Naye alikuwa na mchezo wake. Saa tisa alasiri, zamu yake ikitoka, alivuta kamba, king'ora kikalia kirefu, kipana, mpaka mbwa wakalala chini. Kisha, badala ya kuiachia kamba yote, aliiachia nusu, akaivuta tena kidogo. Hapo ukatoka mkia: sauti nyembamba iliyoshuka halafu ikapanda, kama mtu anayeuliza swali mlangoni. Wakubwa walipomhoji alisema ni mvuke, na mvuke una tabia zake. Merle alijua maana. Maana yake: weka birika, natoka.

Kiwanda kilikufa kwanza, Cecil akafuata, kama mbwa na bwana wake, ila nani alikuwa bwana hatujui.

Wiki ya mazishi ilipokwisha, na sahani za watu zikarudishwa kwa wenyewe, Merle alikuwa jikoni anamenya magimbi. Ilikuwa saa tisa ya kiwanda. King'ora kikalia. Alitazama dirishani, kule bomba lilikokuwa, akaona anga tupu na mwewe mmoja. Ukaja mkia. Mikono yake ilikuwa imeshaweka birika jikoni kabla kichwa hakijauliza swali.

Hakuogopa. Mwanamke aliyemfulia mwanamume soksi umri mzima hawezi kumwogopa kwa sababu tu amekufa. Alitoa vikombe viwili, akamimina, akaketi. Hakuna aliyekuja. Kesho yake king'ora kikalia tena, na keshokutwa, na Merle akawa anamimina vile vile, na chai ikipoa anaipeleka kwenye tangawizi iliyopandwa chini ya ngazi. Ile tangawizi ilinenepa mpaka watu wakawa wanaomba mbegu.

Binti yao, Noeline, alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya wazee huko Townsville, mwanamke wa kunyoosha mambo. Kila alipokuja, alikuja na dawa za vidonda ambavyo Merle hakuwa navyo. Siku moja alifika bila kupiga simu, akamkuta mama yake mezani na vikombe viwili.

"Cha nani hicho?"

"Cha Assunta."

"Assunta wa jirani hanywi chai, Mama. Anasema chai ni maji ya kuoshea sufuria."

"Amebadili dini."

Noeline hakucheka. Alikishika kikombe, akakikuta cha moto bado, akaonja. Kilikuwa kimetiwa sukari ya kumwangusha farasi, vile alivyokuwa akinywa baba yake. Akakiweka chini taratibu.

"Nimeshawaona wengi," alisema. "Huanzia kwenye kikombe. Halafu wanasahau jiko linawaka. Halafu wanatoka nje na gauni la kulalia kwenda kumfungulia mtu lango. Unasikia vitu, Mama?"

"Nakusikia wewe."

"Nimekuombea chumba pale kwetu. Kina dirisha."

"Hapa nimewahi kulalamika kwamba sina dirisha?"

"Sikulazimishi leo. Lakini nikikuona tena, mara moja tu, unamwekea Baba chai au unamsikiliza, tunafunga nyumba hii na unakuja na mimi. Niahidi."

Merle aliahidi, kwa kuwa ahadi ni bure. Lakini gari la Noeline lilipokwisha kupotea kwenye miwa, alisimama chini akaitazama nyumba yake juu ya nguzo zake, ngazi zake zilizopinda, na tangawizi yake. Alijua akihamia Townsville king'ora hakitamfuata. Huko wana saa sahihi.

Ndipo akaja Imogen.

Imogen alikuwa mtoto wa mkemia wa kiwanda, aliondoka Mirrabee akiwa bado anatambaa, akarudi mtunzi wa muziki, na suruali ya bei iliyotobolewa magotini kwa makusudi. Okestra ya mji mkuu ilikuwa imemwagiza atunge kazi kubwa juu ya mji wake, ije ichezwe Mirrabee penyewe, ndani ya lile ghala la zamani la sukari. Basi alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiwauliza watu walisikia nini zamani. Kwa Merle aliwakuta wawili: Merle na jirani yake Assunta Brusco, mjane wa mkata miwa wa Kitaliano, wanacheza karata na kuibiana.

"Ni muziki wa kumbukumbu yetu sote, Shangazi Merle," alieleza. Mji mzima humwita Merle shangazi, hata wanaomzidi umri. "Mji mzima unakumbuka kitu kimoja."

"Mji huu haujapata kukubaliana hata bei ya mayai," Assunta akasema, akitupa karata.

"Kukumbuka pamoja, mwanangu, ni kama kupika pamoja," Merle akasema. "Kila mmoja anapita anatia chumvi. Mwishowe chungu kizima ni chumvi, na kila mtu analamba kijiko anasema, ah, kama cha mama."

Imogen akacheka. "Wananiambia zamani hakuna aliyefunga mlango."

"Hakukuwa na cha kuiba."

"Wananiambia siku ya pikiniki ya kiwanda wote mliketi pamoja."

Wale wazee wawili wakatazamana.

"Sisi Wataliano walitupanga karibu na farasi," Assunta akasema.

"Sisi karibu na choo," Merle akasema. "Lakini nisiwe mwongo, kulikuwa na upepo mzuri."

"Na mnaikumbuka siku hiyo kwa uchungu?"

Merle alifikiri. "Naikumbuka keki," alisema mwishowe, na yeye mwenyewe akashangaa kuona machozi yanamlengalenga. Keki yenyewe haikuwa nzuri.

Imogen akasogeza kinasa sauti. "Sasa nipeni king'ora."

Assunta alipenda kuombwa. Alizibana karata kifuani ili zisichunguliwe, akavuta pumzi, akalia king'ora kwa mdomo, kirefu, kipana, shingo imemsimama mishipa. Halafu, pasipo kupumzika, akakishusha na kukipandisha. Akaweka na mkia.

Karata zilimponyoka Merle.

"Hicho cha mwisho ni nini?" aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Ndivyo kilivyokuwa kikilia. We kizee, umeishi wapi?"

"Kila nyumba wamenilizia hivyo hivyo," Imogen akasema, macho yanamng'aa. "Hata wasiojua kuimba. Mzee Len Hocking aliacha kazi kabla mumeo hajashika ile kamba, sivyo? Naye ameniimbia na mkia. Anaapa ulikuwepo tangu utoto wake."

Merle aliinama kuokota karata, akakaa huko chini ya meza kwa muda. Alijisikia kama mtu aliyeikuta nguo yake ya ndani imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Miaka yote ile alidhani mji ukisikia king'ora unasikia king'ora. Kumbe ulikuwa umesimama dirishani kwake, unamsikiliza Cecil akiomba chai.

Miwa ilikuwa imeshakatwa na mingine imeanza kuchipua Imogen aliporudi. Ilikuwa asubuhi. Aliweka kompyuta yake mezani, akasema kazi imekwisha, bado mazoezi tu, na kwamba anataka Shangazi Merle awe wa kwanza kuisikia. Fidla kubwa zilinguruma kama magurudumu ya kusagia. Fidla ndogo zikasugua kama majani ya miwa yanayogombana kwenye upepo. Merle alikaa, mikono mapajani, akijiambia ni kelele nzuri za kutosha. Matarumbeta yakapiga king'ora. Kisha filimbi moja, nyembamba, ikashuka, ikapanda.

"Asante, Shangazi, lakini nimetoka kunywa chai sasa hivi," Imogen akasema.

Merle aliangalia mkono wake. Ulikuwa umeshika birika, na birika lilikuwa limejaa maji. Alikuwa amesimama kwenye sinki upande wa pili wa jikoni, na hakukumbuka kutembea.

Aliliweka chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai.

"Noeline amekata tikiti," alisema. "Viti viwili. Atakaa ubavuni kwangu."

"Vizuri."

"Si vizuri, mwanangu. Toa huo mkia."

Imogen akadhani ni utani, kwa kuwa kwa Merle watu huanza kwa kudhani ni utani. Halafu akamtazama vizuri. "Shangazi, huo ndio moyo wenyewe. Kazi nzima inatembea kuelekea hapo."

"Cecil aliniachia vitu vitatu. Nyumba, kitanda, na huo mkia. Nyumba inavuja na kitanda kimelegea. Mkia ndio mzima, nawe unataka kuupeleka kwa watu wenye suti wakaupulizie mate."

"Lakini mji wote unaukumbuka."

"Waukumbuke wakiwa wamefunga midomo."

Merle angeweza kumwambia habari ya chumba chenye dirisha, habari ya vikombe, habari ya saa tisa, lakini neno likitoka Mirrabee jioni linafika Townsville kabla ya kifungua kinywa. Alichosema ni hiki tu: "Ukipigwa mbele ya Noeline, mimi nitapoteza nyumba yangu. Usiniulize kwa nini. Nimekuomba."

Yule binti alikuwa na malezi. Hakuuliza. Aliigeukia kompyuta yake, akafuta kitu, akafuta tena.

"Siwezi kuweka kingine mahali pake," alisema. "Nimejaribu kichwani, kila kitu ni uongo. Nitapaacha patupu. King'ora kitalia, kitakoma, halafu kimya, kwa urefu ule ule wa mkia. Halafu tunaendelea."

"Kimya hakijapata kumhamisha mtu nyumba," Merle akasema, akafurahi.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumamosi, mchana, jua kali. Ghala la sukari lilikuwa limefagiwa, lakini bati lilipopata moto kuta zikaanza kutoa harufu ya molasi ya zamani, nzito, tamu, inayokwama kooni. Wageni kutoka mjini walikaa mbele wakajipepea kwa karatasi. Okestra ikakaa. Kiongozi wake, mwanamume mrefu mwenye shingo ya korongo, akatoka na fimbo yake, akapigiwa makofi, akageuka, akaona nusu ya ghala ni viti vitupu.

"Watu wako wapi?" Imogen alisikika akimnong'oneza mtu.

Watu walikuwa nje. Walikuwa chini ya kivuli cha ghala, wamevaa vizuri, wanavuta sigara na kutaniana, wote wamefika na wote wanangoja muda. Dakika kama kumi zikapita, yule mwenye shingo ya korongo akijifuta jasho. Kisha Mirrabee nzima ikaingia kwa mkupuo, kama maji ya mfereji, bila kuomba radhi, kwa kuwa kwa saa yao walikuwa wamewahi.

Merle na Noeline waliketi katikati. Noeline alikuwa amevaa nguo ya bluu na uso wa kazini. Merle alikuwa na mkoba wake mkubwa. Taa zilipopunguzwa, alitazama saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu dakika.

Imogen alikuwa amemwonyesha vile kazi inavyokwenda, wapi king'ora kinaingia. Kama watu wangewahi, mahali pale pangepita mapema, na saa tisa ya kiwanda ingemkuta Merle kwenye makofi na keki. Lakini walikuwa wamechelewa. Sasa king'ora cha matarumbeta kingelia pale pale kinapolia kile kingine, kile cha kwake. Kile kimya alichokiomba kitakuwa kama mlango ulioachwa wazi makusudi. Cecil ataingia na mkia wake, miguu ya Merle itasimama kwenda kutafuta birika, na Noeline yuko hapa, kiwiko kwa kiwiko.

Alichukua ukanda wa mkoba, akaupitisha kwenye mguu wa kiti, akauzungusha kwenye kifundo cha mguu wake, akafunga fundo.

"Unafanya nini?" Noeline akanong'ona.

"Wezi," Merle akanong'ona.

Muziki ukaanza. Ulianzia chini, kwenye fidla kubwa, ukakaa huko mpaka watu wakausikia kwenye nyayo. Ngoma zikaleta treni ya miwa, ta-tak, ta-tak, inapovuka maungio ya reli. Merle alitazama watu badala ya okestra. Len Hocking alikuwa anajipangusa bega, polepole, tena na tena, kama aliyeangukiwa na majivu meusi ya miwa iliyochomwa, na hakuna shamba lililochomwa siku ile. Assunta alikuwa ameinua uso darini kama anayehofia nguo zake kambani. Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi cha kiwandani ambacho hakijasikika tangu kiwanda kife. Wageni wa mbele walitikisa vichwa kwa adabu. Lakini kutoka safu ya tano kwenda nyuma watu walikuwa hawatikisiki tena. Walikuwa wameondoka, miili imebaki kushika viti.

Zikapanda fidla zote, yakafuata matarumbeta, na king'ora kikalia.

Kililia kirefu, kipana. Bati la ghala likatetemeka, njiwa wakaruka kutoka kwenye maboriti. Merle alikamata kiti kwa mikono miwili. Kiongozi akakata hewa kwa fimbo, na sauti yote ikakoma.

Kimya.

Merle akangoja. Alikaza kifundo cha mguu, akakaza meno. Alisikia njiwa. Alisikia bati likilia kwa joto. Alimtazama msichana wa filimbi: filimbi ilikuwa imelala mapajani mwake, na viganja vyake vyote viwili juu yake.

Hakuja. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe, Cecil hakuja.

Kiti kikakwaruza mahali fulani nyuma. Kingine kikafuata. Assunta alikuwa amesimama. Len Hocking alikuwa amesimama, ameinama kidogo upande mmoja, mkono umekunjwa kushika kopo la chakula lisilokuwepo. Wakasimama kama wanavyosimama watu waliochoka kwa kazi, kwa magoti, kwa viuno, safu baada ya safu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wanaume walizirudisha nyuma saa zao za mkononi, kidogo tu, ingawa zilikuwa tayari nyuma. Nusu nzima ya ghala ilisimama ikitazama upande mmoja, kule bomba lilikokuwa, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wanaoitwa kwa majina.

Yule mwenye shingo ya korongo alibaki na fimbo juu, hajui aishushe au akimbie.

Merle akahisi mkono umemshika bega. Noeline alikuwa amesimama. Uso wa kazini ulikuwa umemtoka kabisa, na chini yake palikuwa na uso wa mtoto wa miaka sita ambaye hajaoga na muda umekwisha.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama walio jikoni. "Simama. Huyo Baba anatoka. Hujaweka birika."

Merle alijaribu kusimama. Fundo likamrudisha.

Alibaki ameketi peke yake katika msitu wa watu waliosimama, masikio amewasha kama taa, na hakusikia kitu.

Fimbo ikashuka hatimaye, muziki ukaendelea, watu wakaketi mmoja mmoja kama wanaoamka. Ulipokwisha hawakupiga makofi mara moja. Walichelewa, wakapiga.

Nje, kwenye chai na keki, kila mtu alisifu mkia. "Wameupatia," Len Hocking alimwambia kila aliyepita. "Wameupatia hasa. Tangu utotoni." Assunta alikuwa analia na kula kwa wakati mmoja, na vyote viwili alivimudu. Imogen alipenya katikati ya watu mpaka kwa Merle, uso umempauka.

"Shangazi, niliutoa. Nakuapia. Hakuna aliyepiga kitu pale."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa namtazama msichana wa filimbi."

"Basi wamesikia nini? Ulisikia wewe?"

Merle alitazama keki iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa ile ile ya pikiniki, kavu, yenye jamu kidogo ya kudanganyia.

"Mimi mzee," alisema. "Nilikuwa nimeshughulika na mkoba."

Noeline aliendesha gari mpaka nyumbani. Alipanda ngazi kwanza, akaingia jikoni bila kuvua viatu, akaweka birika. Alitoa vikombe vitatu. Kimoja akakitia sukari, kijiko juu ya kijiko, mpaka Merle akaanza kuona haya kwa niaba ya sukari. Akakiweka mahali pa Cecil, sikio la kikombe limeelekezwa kushoto, kwa kuwa Cecil alitumia mkono wa kushoto, jambo ambalo Merle alikuwa amelisahau.

"Alikuwa anakuja na ile harufu," Noeline akasema. "Nami nikijificha pale nyuma ya mlango, nikimrukia. Kila siku anashtuka. Kila siku, Mama. Mtu mzima yule."

"Alikuwa anakuona miguu."

"Najua." Akainama juu ya chai yake. "Ilisikika karibu sana. Kama yuko pale kwenye ngazi."

Habari ya chumba chenye dirisha haikutajwa, wala siku ile wala baadaye. Noeline alimwoshea mama yake vyombo, akambusu, akaondoka. Kikombe cha tatu hakukigusa, wala hakutaka kiguswe.

Jumapili Merle alikaa jikoni kuanzia mapema. Hakumenya kitu, asije akakosa kwa sababu ya kelele ya kisu. Saa tisa ya kiwanda ikafika. Anga ilikuwa tupu. Ikapita. Kupitia dirishani aliwaona watu wa mtaa wake wametoka kwenye vibaraza, mmoja hapa, mmoja pale, wamesimama wima kidogo, kisha wamerudi ndani wakitabasamu peke yao. Assunta aliingia kwake haraka kama mwenye sufuria jikoni.

Jumatatu vile vile. Merle aliweka birika hata hivyo, likachemka, akalizima. Nyumba ilikuwa yake, hakuna tena wa kumtoa. Ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka.

Jumanne, saa tisa ya kiwanda, simu ikalia. Ilikuwa Noeline, kazini kwake, na pumzi zake ziko juu juu.

"Mama, umemsikia?"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi na hakuna mlio ulioingia, miwa michanga inapepea mbali, na mbwa wa jirani alikuwa amelala chini, masikio yamelala pia.

"Nimemsikia," Merle akasema.

"Mimi pia, huku huku Townsville. Nilidhani ni gari la wagonjwa. Halafu ukaja ule mkia." Noeline akacheka, cheko ambalo mama yake alikuwa hajalisikia tangu msichana yule avae sare. "Nilikuonea, Mama. Ulikuwa unaniambia kweli wakati wote."

"Sikukwambia kitu. Nilikwambia ni cha Assunta."

"Basi weka birika. Atafika amechoka. Nitakupigia kesho, saa hii hii."

"Saa ya kiwanda."

"Sasa ipo nyingine?"

Merle alijua alichopaswa kufanya ni kuaga. Badala yake aliubana mkono wa simu sikioni mpaka ukauma, akafumba macho. Nyuma ya pumzi za binti yake kulikuwa na korido, na viatu vya mpira, na mzee mmoja anayeita muuguzi. Alisikiliza nyuma ya hayo. Huenda mkia ukavuja kidogo. Huenda ukapita na waya.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo," akasema. "Usikate. Kaa hapo hapo kidogo, wala usiseme kitu."